Begonia iliyoshinda theluji, mbona inalala Mwanza?

"Shikamoo. Nipo Isamilo, nyumba yetu iko mlimani kwenye mawe. Mwezi wa kwanza wifi yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo akaniletea viazi vitatu vya ua la begonia ndani ya begi lake la nguo. Akaniambia hii ni ile begonia ngumu, inapigwa na theluji na bado inarudi kila mwaka, kwa hiyo huku kwetu kwenye joto itakaa milele. Masika yalipoanza nilipanda viwili chini ya mwembe nyuma ya nyumba, kimoja nikakiweka kwenye kopo la rangi kibarazani. Vyote viliota vizuri, majani makubwa, chini yake mekundu. Kufika mwezi wa sita vile vya chini ya mwembe vikaanza kuwa njano. Nikaongeza maji, asubuhi na jioni, lakini wapi. Sasa shina linaachia pingili kwa pingili, na kwenye makwapa ya majani, pale jani linapoungana na shina, kuna vitu kama shanga. Jirani anasema ni mayai ya wadudu, nipulizie dawa. Cha kibarazani bado kibichi na kina maua ya waridi. Nilitaka kitanda cha maua cha kudumu pale kivulini, nisiwe napanda upya kila mara. Nimekosea wapi?"

Marahaba, binti yangu. Kwanza rudisha hilo bomba la dawa stoo. Begonia zako hazijafa wala haziumwi. Mbili zimelala, moja iko macho, na hizo shanga unazotaka kuzipulizia sumu ndiyo mali yenyewe.

Nianze na shanga. Umewahi kuona vile viazi vikuu vinavyozaa juu, vikining'inia kwenye mtambaa badala ya kukaa ardhini? Begonia yako inafanya jambo lile lile kwa udogo. Wataalamu wa mimea huiita Begonia grandis, na kwao ni China. Inapojiandaa kulala hutengeneza viazi vidogo sana kwenye kwapa la jani, kila kimoja na jicho lake. Ukikigusa kidogo kinadondoka. Kila shanga inaweza kuwa mmea mzima, ingawa mara nyingi maua utayaona mwaka wa pili. Mayai ya wadudu hayakai hivyo, moja moja kwenye kila kwapa kana kwamba yamepangwa na fundi. Leo hii chukua bakuli, tandika gazeti chini ya mimea, ukusanye zote kabla kuku hawajakutangulia.

Sasa hilo neno "ngumu", ambalo ndilo lililokuponza. Wifi yako hakukudanganya, ila alikupa nusu ya habari. Begonia hii haishindani na theluji hata kidogo, inajificha. Baridi ikikaribia, sehemu yote ya juu inaanguka na kuoza, kisha kiazi kinabaki chini ya udongo kikiwa kimefunikwa majani makavu, mahali ambapo baridi haifiki kwa ukali wake wote. Kwa njia hiyo inavuka majira ambayo hewa ya juu inashuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri. Huko chipukizi linatoka kwa kuchelewa sana, hadi wenye bustani wengi huwa wameshakata tamaa na kuchimbua. Kwa hiyo sifa ya ugumu ni sifa ya kujua kulala. Haituambii lolote kuhusu joto, wala kuhusu kumwagiwa maji asubuhi na jioni mmea ukiwa usingizini.

Lakini hapa hakuna baridi, utaniuliza, kwa nini ilale? Kwa sababu mmea huu hausubiri baridi ije ndipo ujiandae. Ungesubiri, ungekutwa na majani mabichi. Unachofanya ni kupima urefu wa usiku. Uingereza, kwenye mwezi wa sita, mchana una takriban saa 16 na nusu. Mwezi wa kumi na mbili hauzidi saa 8 kwa mbali. Begonia inakua na kutanuka katika siku ndefu. Usiku unaporefuka, majani yanapeleka habari ndani ya mwili wake kwamba safari imefika mwisho: acha kurefuka, hamishia chakula kwenye kiazi, tengeneza shanga, achia majani.

Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko wote na ule mfupi kuliko wote havipishani hata dakika 20. Kwetu mchana ni wa saa kumi na mbili hivi, mwaka nenda mwaka rudi. Mgeni huyu alipochipua mwezi wa nne na kuangalia usiku, alikuta tayari ni mrefu, wa kumwambia "lala". Alikua kwa nguvu za akiba alizokuja nazo kwenye kiazi, akatoa majani mazuri ukafurahi, kisha akatii alichokiona. Hukukosea kitu katika kupanda.

Na cha kibarazani? Hapo ndipo barua yako ilipo tamu. Ulitaja kama jambo la kupita tu kwamba kile bado kibichi. Naomba nikisie: kibarazani kuna taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha, siyo? Mmea huu hauhitaji mwanga mkali ili udhani bado ni mchana. Balbu ya kawaida iliyo karibu inatosha kuukatizia usiku, nao ukadhani uko kwenye siku ndefu za nyumbani kwao, ukaendelea kukua na kuchanua. Inawezekana pia kopo lako lina matundu mazuri na halituamishi maji, hilo nalo limesaidia. Ila ningeweka dau langu kwenye taa. Ukitaka kuhakikisha, zima hiyo taa wiki nne au tano, uone kama shanga hazijaanza kujitokeza. Mimi kwa upande wangu ningeiacha iwake.

Maji sasa. Hili naomba unisamehe nikiwa mkali kidogo, kwa sababu nimelifanya mwenyewe na najua uchungu wake. Miaka ya nyuma nilipewa viazi vya begonia nyingine, ile ya maua makubwa kama waridi. Vilipokauka majani nikavihurumia, nikavimwagilia kila siku kwa mwezi mzima. Nilipokuja kufukua nilikuta uji. Kiazi kilicholala hakina majani ya kuvuta maji, mizizi yake mingi imekufa, hewa haipiti kwenye udongo uliolowa, na kuvu wa kuozesha wanapata karamu. Fikiria tangawizi au manjano: majani yakikauka hakuna mkulima anayeendelea kuyamwagilia, anajua kilicho chini kinasubiri mvua. Begonia yako nayo ipe heshima hiyo hiyo. Acha kumwagilia vile vya chini ya mwembe kuanzia leo.

Halafu uvifukue. Kwa kawaida ningesema viache ardhini, lakini vyako vimeshakunywa maji ya miezi miwili, na nataka ujue hali yake. Subiri shina liachie lenyewe, usilivute. Chimba kwa mkono au kwa kijiko. Kiazi kizima ni kigumu ukikibonyeza kwa kidole gumba, kama mbatata. Kikibonyea na kutoa maji, kata sehemu mbovu kwa kisu kisafi mpaka uone nyama safi, upake majivu au unga wa mkaa kwenye kidonda. Kama kimeoza chote, kitupe bila majonzi, maana shanga unazo. Vilivyo vizima usivioshe. Vipanguse udongo, uvianike kivulini siku mbili tatu, basi.

Linalofuata litakushangaza: utaviweka kwenye friji. Mmea uliozoea baridi hutumia baridi hiyo kama saa ya kuhesabu usingizi. Ukikosa wiki kadhaa za ubaridi, unaweza kulala muda mrefu mno au kuamka nusu nusu, chipukizi moja dhaifu hapa, jingine kule. Usiku wetu hata Julai unacheza kwenye nyuzi 15 na kwenda juu, hautoshi. Kwa hiyo chukua maganda makavu ya mpunga au vumbi kavu la mbao, changanya na viazi na shanga ndani ya mfuko wa karatasi, weka kwenye droo ya mboga. Siyo kwenye jokofu la kugandisha, huko vitakufa. Andika juu ya mfuko kwa herufi kubwa kwamba si chakula. Friji ya nyumba yenye watu, mfuko ukiwa jirani na sato na nyanya, lolote linatokea, na viazi hivi si vya kula: vina chumvi za oksaleti zinazowasha mdomo na koo. Watoto na mbuzi wakae mbali navyo.

Ukiviweka mwishoni mwa Agosti, utakuwa umefikisha wiki 9 au 10 mwanzoni mwa Novemba, vuli ikiwa imeanza kushika. Hapo uvipande kwenye makopo au vyungu vyenye matundu, kiazi kikubwa kwenye kina cha vidole viwili, shanga zikifunikwa kwa udongo mwembamba tu. Viweke kibarazani penye taa. Hutapata mmea usiolala kabisa. Utapata mgeni anayekaa miezi kadhaa, anachanua, anaaga, anarudi friji. Kama kazi hiyo unaiona ya kufurahisha, endelea nayo. Kama unaiona usumbufu, sitakulaumu hata kidogo.

Maana nikirudi kwenye shabaha yako, kitanda cha kudumu chini ya kivuli, usichopanda upya kila mara, basi naomba nikuambie wazi: begonia hii siyo jibu. Ni ya kudumu kwao, kwa sababu kwao majira yanaiamuru. Kwetu za kudumu ni zile ambazo huko Ulaya hazivuki majira ya baridi, zinaingizwa ndani ya nyumba kama wagonjwa. Ugumu umegeuka kichwa chini miguu juu.

Ya kwanza ningeweka begonia ya pingili, yenye shina kama la mwanzi na jani refu lililopinda kama bawa, mara nyingi lina madoa meupe kama limerushiwa chokaa. Nyingi za hizi asili yake ni Brazili, hazina kiazi, hazijui kulala. Hapa Mwanza utaziona kwenye madebe nje ya nyumba za watu wala hawajui jina lake. Omba kipande cha pingili tatu au nne, kata chini ya kifundo, kichomeke kwenye mchanga mbichi kivulini. Ndani ya wiki chache kina mizizi. Kasoro yake ni upepo. Zinarefuka kupita kiuno na ule upepo wa mchana unaotoka ziwani, kwa nyumba ya mlimani kama yako, unazivunja. Zifungie kijiti, na kila mwaka kabla ya masika uzikate hadi magotini zichipue upya.

Mbele yake panda zile fupi za majani yanayong'aa kama yamepakwa nta, maua madogo meupe, mekundu au ya waridi yasiyokoma. Zinachakaa baada ya mwaka na kitu, zinabaki miguu mirefu bila majani, lakini vikonyo vyake vinashika mizizi kirahisi mno. Zile za majani ya rangi rangi, zambarau na fedha, ni nzuri kuliko zote na ndizo zenye madaha: hazipendi hewa kavu ya Julai na Agosti. Ziweke karibu na ukuta au jiwe ambapo unyevu unabaki, au uziache kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Na ukitaka kumtania wifi yako, mwambie begonia ya kulala tunayo wenyewe. Begonia sutherlandii, yenye maua ya rangi ya chungwa, inaota porini kutoka Tanzania hadi Afrika Kusini, kwenye kingo zenye kivuli na nyufa za miamba. Nayo ina kiazi, nayo inabeba shanga kwenye makwapa, ila hulala kufuata kiangazi. Usiende kuing'oa porini. Nimekutajia ujue tu kwamba tabia uliyoiona si maajabu ya Uingereza.

Kuhusu mahali penyewe. Mwembe ni mti mzuri wa kivuli na ni jirani mgumu. Kivuli chake ni kizito mwaka mzima, mizizi yake inakunywa kila unachomwaga, na ukiwa na vidung'ata juu, wale wadudu weupe kama unga, utamu wao unadondokea majani ya chini yakawa meusi kama yamepakwa masizi. Tena kati ya Novemba na Januari kuna watoto na mawe yao. Usipande karibu na shina. Sogea hadi ukingoni mwa kivuli, mahali ambapo mwanga unapenya kwa madoadoa, na ukate matawi mawili matatu ya chini. Usirundike udongo kwenye shina la mwembe kupata kitanda, utauozesha mti.

Lakini una mawe, na hapo unawazidi wengi. Upande wa mashariki wa jiwe kubwa unapata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita. Begonia hazina mahali pazuri kuliko hapo. Upande wa magharibi ni wa kuepuka, kwa sababu jua la alasiri linaoka jiwe na jiwe linautema ule moto usiku. Kumbuka pia kwamba kwetu jua linahama: Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Mahali penye kivuli kizuri leo Agosti huenda pakachomwa Krismasi. Chomeka kijiti, angalia kivuli chake kwa miezi kadhaa kabla hujatoa jasho la kuchimba kitanda.

Udongo wa mlimani kwako bila shaka ni luseni, ule mchanga wa mawe yaliyomomonyoka. Unapitisha maji vizuri, kasoro yake ni njaa. Kwa ndoo mbili za udongo ongeza ndoo moja ya mboji ya majani au samadi ya ng'ombe iliyokaa hadi ikakosa harufu, na nusu ndoo ya maganda ya mpunga. Usikubali kuletewa ule udongo mweusi wa mbuga kwa sababu tu unaonekana una rutuba. Ukilowa unashika maji kama sufuria, ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Wala usichote udongo kwenye kitanda cha zamani cha nyanya, maana minyoo fundo wa nyanya, wale wadogo sana wanaovimbisha mizizi, wanaipenda begonia vilevile. Mwagilia asubuhi, chini kwenye udongo, si juu ya majani, la sivyo utakaribisha magonjwa ya madoa na kuoza kwa majani. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kufunika kila kitu hawali majani. Subiri wapite, suuza kwa maji, usipoteze hela ya dawa.

Kuna hali ambazo mimi wa kwenye maandishi siwezi kukusaidia. Ukiona shina limelowa na kunuka wakati mmea bado ni mbichi, madoa ya majimaji yanayotanuka kwenye majani kutoka mmea hadi mmea, au mizizi yenye vifundo kama shanga zilizotungwa, na hasa kama mchicha na nyanya zako zimeanza kuonyesha dalili, mtafute afisa ugani wa kata yako aje aone. Wenye utafiti wa kilimo wako Ukiriguru, Misungwi, si mbali. Beba mmea mzima na mizizi yake na udongo kidogo, umefungwa kwenye gazeti, si kwenye mfuko wa plastiki ambamo utaoza kabla hujafika. Dawa ya kubahatisha dukani iwe ya mwisho kabisa.

Na begi la wifi. Najua alileta kwa upendo, ila viazi na miche kutoka nje vinatakiwa viwe na kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu pamoja na cheti cha afya ya mimea cha huko vinakotoka. Kiazi kimoja chenye ugonjwa usioonekana kinaweza kufika kwenye shamba la mtu asiyejua hata begonia ni nini. Akikuuliza akuletee nini mwakani, mwambie mbegu za maneno zinatosha, au aulizie kibali kabla hajapakia.

Jambo moja la kuangalia: fungua ule mfuko wa friji kila wiki mbili, utoe chochote kilicholainika. Shanga zikianza kuonyesha ncha nyekundu kabla ya Novemba, usizisubirishe mvua. Zipande wiki hiyo hiyo, uziweke kibarazani, na usiku uache taa iwake.